Dynaco Stereo 70: anza na umeme, sauti itafuata

Wengi wakishapata Stereo 70 ya zamani, amplifaya ya valvu ya kampuni ya Dynaco, hukimbilia kununua valvu mpya. Subiri kwanza. EL34 nne, zile valvu kubwa za kutoa nguvu, si bei ya mchezo, na ukizichomeka kwenye amplifaya ambayo bayasi yake (volti hasi inayodhibiti mkondo wa valvu) imekufa, anodi, yaani mabamba ya ndani yanayopokea mkondo, zitawaka nyekundu na valvu zitakuwa zimeharibika ndani ya dakika chache.

Mashine hii ilitoka Marekani mwaka 1959, na nyingi ziliuzwa kama vipande ambavyo mnunuzi aliviunganisha mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo ndani utakuta kazi ya mtu usiyemjua, pengine aliyekuwa anashika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza. Kabla hujapima chochote, vuta taratibu kila waya na utazame kila kiungo kwa kurunzi. Solda iliyopauka, au yenye ufa wa mviringo kuzunguka mguu wa kifaa, ichome upya.

Thamani ya Stereo 70 iko kwenye transfoma mbili za kutolea sauti, zile A-470. Vitu vingine vyote unaweza kuvibadilisha na ikabaki Stereo 70. Pima upinzani wake kwa mita, umeme ukiwa umechomolewa na valvu zimetolewa: kutoka waya wa katikati unaoleta volti kubwa hadi kila anodi (mguu wa 3 wa soketi za EL34). Nusu mbili zinatakiwa zikaribiane, na transfoma ya kushoto ilingane na ya kulia. Upande mmoja ukisoma kwamba umekatika, usinunue kitu kingine hadi upige hesabu upya.

Tahadhari. Njia kuu ya umeme wa ndani ina takriban volti 435, na kapasita zinaweza kuushika baada ya kuzima. Chukua rizista ya kilo-omu 10, wati 5, iliyofungwa kwenye waya wenye koleo, ishike kati ya kapasita kuu na chesisi kwa sekunde kumi, kisha uhakikishe kwa mita kwamba imeshuka chini ya volti 10. Usitumie bisibisi kufyatua cheche. Unaharibu kapasita na unajizoesha vibaya. Ukilazimika kupima ikiwa imewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni.

Aliye Kenya au Tanzania ana jambo la ziada. Stereo 70 nyingi zilitengenezwa kwa volti 117 na hezi 60, ilhali umeme wetu ni volti 230 hadi 240 na hezi 50. Soma kibandiko, kisha tumia transfoma ya kupunguza yenye VA 500. Ya VA 200 itachemka, maana valvu zenyewe zinakula takriban wati 53 kwenye nyuzi za kupasha moto tu. Chagua inayotoa volti 110, si 120. Kwenye hezi 50 chuma cha transfoma ya umeme iliyo ndani ya amplifaya hujaa sumaku mapema na kupata joto zaidi, hivyo volti kupungua kidogo kunaisaidia. Nyuzi za valvu zitapata karibu volti 5.9 badala ya 6.3, na hiyo bado iko ndani ya asilimia 10 inayoruhusiwa. Ukiwa hapo, toa kebo ya waya mbili na ufunge ya waya tatu, ule wa ardhi ukibanwa kwenye chesisi kwa skrubu yake peke yake. Fyuzi ibaki ampea 3 ya kuchelewa. Ikikatika, kuna sababu. Usiweke kubwa zaidi.

Sasa bayasi, ambayo ndiyo inayoua valvu nyingi. Ndani kuna rektifaya (kifaa cha kugeuza umeme geugeu kuwa wa mwelekeo mmoja) ya seleniamu, kibamba kidogo chenye mapezi, na kapasita mbili za maikrofaradi 50. Seleniamu huzeeka: upinzani wake hupanda, volti hasi kwenye gridi (mguu wa 5 wa EL34, unaodhibiti mkondo) hupungua, EL34 zinapitisha mkondo mwingi kupita kiasi. Ibadilishe kwa daiodi ya 1N4007, na kapasita uweke za maikrofaradi 100, volti 100. Watu hukosea hapa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu huu ni umeme hasi. Upande wa chanya wa kapasita unakwenda kwenye chesisi, na upande wenye alama ya hasi ndio unaobaki juu. Daiodi nayo, mstari wake unaangalia transfoma ya umeme. Ukifunga kwa mazoea ya saketi za kawaida, kapasita itapasuka, na bila volti hasi EL34 hazina breki.

Valvu zote zikiwa nje, pamoja na GZ34 (valvu ya rektifaya ya umeme mkubwa), washa kupitia balbu ya wati 60 inayoelezwa mwishoni na upime mguu wa 5 wa kila soketi ya EL34 dhidi ya chesisi. Soketi zote nne zinatakiwa kuonyesha volti hasi. Valvu hizi zikiwa kazini huhitaji takriban hasi 32 hadi 36, kwa hiyo potenshiometa ikizungushwa hadi mwisho wa upande hasi lazima ivuke hapo. Iache hapo mwisho. Soketi moja ikisoma sifuri, shida mara nyingi ni kiungo kilichokatika au potenshiometa yenye kutu. Kagua pia mbano wa soketi zenyewe: mguu wa 5 ukilegea, valvu inapoteza bayasi ghafla katikati ya muziki. Safisha kwa dawa ya kontakti, kisha kaza vibanio kwa sindano nene.

Kapasita kuu ni mkebe mmoja wenye sehemu nne: maikrofaradi 30, 20, 20 na 20, volti 525. Piga picha ya alama chini ya kila mguu kabla ya kuchomoa, na tumia chuma cha wati 100 kwa masikio yaliyolehemiwa kwenye chesisi. Mkebe mpya wenye maikrofaradi nyingi zaidi ni sawa kwa sehemu tatu za nyuma. Ile ya kwanza, inayopokea umeme kutoka GZ34, isizidi 60. Juu ya hapo mkondo wa kujaza unaichosha rektifaya. Usiing'oe GZ34 na kuweka daiodi peke yake kama wengine wanavyoshauri. Transfoma ya umeme inatoa volti 360 kila upande, na kilele chake ni takriban 509. GZ34 hupanda polepole; daiodi hupeleka volti hizo zote papo hapo kabla EL34 hazijapata moto, na mkebe wa volti 525 unabaki hauna nafasi ya kupumua. Kinachofaa ni 1N4007 moja kwenye kila mguu wa 4 na wa 6 wa GZ34, mstari ukiangalia soketi. GZ34 ikipata shoti siku moja, daiodi hizo zinaizuia isipeleke umeme geugeu kwenye kapasita.

Kapasita nne za maikrofaradi 0.1 zinazopeleka sauti kwenye gridi za EL34, zibadilishe bila kuzipima. Weka za polipropilini, volti 630. Rizista ya gridi ni kilo-omu 270, kwa hiyo uvujaji wa maikroampea 3.7 tu unapunguza bayasi kwa volti moja nzima. Bei ghali haiongezi kitu cha maana hapa.

Bodi ya PC-3, bodi ya saketi inayobeba valvu ndogo za kuingizia sauti, huungua taratibu chini ya valvu hizo, yaani 7199. Ikiwa nyeusi na inamomonyoka, itupe: kaboni ile inapitisha umeme na huleta kelele za kupasukapasuka. Bodi mbadala zipo, na nyingi hutumia valvu zinazopatikana kirahisi kama 12AU7, jambo jema kwa kuwa 7199 zimekuwa adimu. 6GH8A inaweza kushika nafasi yake, lakini miguu haifanani, inataka adapta. Baada ya kubadilisha bodi, ikiwashwa na kupiga ukelele mkali, zima mara moja. Mrejesho hasi, yaani sehemu ya sauti ya kutoka inayorudishwa mwanzoni ili kutuliza saketi, umegeuka kuwa kichocheo: badilishana waya mbili za anodi kwenye transfoma ya sauti, pamoja na zile za skrini (gridi ya pili ya EL34). Ukigeuza za anodi peke yake umeongeza tatizo la pili.

Maboresho ninayoyapa uzito ni haya: rizista ya omu 15.6 inayotumiwa na EL34 mbili kwa pamoja, iondoe. Kitabu cha Dynaco kinataka volti 1.56 hapo, yaani miliampea 100 kwa jozi. Lakini jumla hiyo inaweza kuwa 70 kwa moja na 30 kwa nyingine, na 70 mara volti 435 ni wati 30, wakati kikomo cha anodi ya EL34 ni wati 25. Kila valvu ipewe rizista yake ya omu 10, asilimia 1, kutoka miguu ya 1 na 8 hadi chesisi. Sasa volti 0.4 ni miliampea 40, na unaona valvu ipi inadanganya. Potenshiometa bado ni moja kwa kila upande, kwa hiyo nunua jozi zilizolinganishwa.

Kuwasha kwa mara ya kwanza, tumia balbu ya zamani ya waya, si ya LED, iliyofungwa kwa mfuatano kwenye umeme wa ukutani: wati 60 valvu zikiwa nje, kisha wati 200 zikiwemo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Usirekebishe bayasi balbu ikiwepo, kwani inakula volti. Spika, au rizista ya omu 8 yenye wati 50, iwe imeungwa muda wote; bila mzigo, mawimbi makubwa yanaweza kutoboa transfoma ya sauti.

Toa balbu, acha dakika 20 bila muziki, weka volti 0.40 hadi 0.45 kwenye kila rizista, rudia baada ya saa moja. Mvumo ukibaki, sikiliza kimo chake: wa hezi 100 unatoka kwenye kapasita kuu, wa hezi 50 unatoka kwenye ardhi au kebo za kuingizia sauti. Ukiwa upande mmoja tu, badilishana jozi za EL34 kati ya pande mbili na upange bayasi upya. Mvumo ukihama nazo, jozi hiyo hailingani.