Watu-wadudu wangu wanachekwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika hadithi ya watu-kumbikumbi wa kando ya ziwa. Nimewapa mabawa, vipapasio na miguu sita, lakini wenzangu hapa Kondele wanasema ni binadamu tu waliovaa mavazi ya sherehe. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeanzia sura, anzia pumzi. Mdudu hana mapafu, hewa humwingia kwa vitundu vya ubavuni. Basi huyo mlinzi wako anayenyongwa shingo katika sura ya pili angeendelea kupumua!

Halafu gamba. Halikui naye, hivyo mdudu mchanga hulivua mara kadhaa mpaka akomae. Juzi nilisogeza jiko nikamkuta mende aliyetoka kujivua: mweupe kama ugali, laini, amejibanza ukutani akingoja akauke. Kesho yake angekuwa kahawia na mjeuri kama wengine. Sasa jiulize, kijana wa kabila lako akiwa katika hali hiyo, nani hulinda mlango? Adui anaijua siku yake? Hapo ndipo penye hadithi.

Mabawa nayo usiwape bure. Sisi tuliokota kumbikumbi chini ya taa baada ya mvua, beseni la maji mkononi, na asubuhi sakafu imejaa mabawa matupu. Huruka mara moja, huyaangusha, hutafuta mwenzi. Bibi harusi wako ayaache kizingitini.

Miguu sita? Ibakishe, ila niambie anakaaje kwenye bodaboda.