Jibu: Alivukaje kasi ya sauti bila injini?
Ndugu yangu, umeuliza Felix Baumgartner, aliyeruka kutoka kwenye puto mwaka 2012, alivukaje kasi ya sauti bila injini. Katika kimo cha kilomita 39 hivi alikoanzia, hewa ni nyembamba mno, haifiki asilimia 1 ya hii tunayovuta hapa Dar es Salaam, kwa hiyo hakukuwa na cha kumzuia wakati nguvu ya uvutano ikimwongezea mwendo hadi kupita kilomita 1,350 kwa saa. Hewa nzito ya chini ndiyo iliyompunguza kasi kabla hajafungua mwavuli. Kwangu mimi, maandalizi yanastaajabisha zaidi: alivuta oksijeni tupu kabla ya kupaa ili kuondoa naitrojeni mwilini, akavaa suti ya shinikizo, kwani juu ya kilomita 19 maji, ambayo huku kwetu pwani huchemka kwa nyuzi 100, huchemka kwa joto la mwili tu.