Muulize Mhadhiri: "Mbona dodoso linaniuliza jambo moja mara tatu?"

Mwezi huu barua za wasomaji zinajibiwa na mhadhiri wa saikolojia wa chuo kikuu, ambaye pia ni mtafiti wa kumbukumbu ya binadamu. Barua zimefupishwa.

Shikamoo Dokta. Shemeji yangu anasomea saikolojia. Tangu aanze, nikikaa naye naona kama ananipekua, hata mikono sijui niiweke wapi. Ni kweli mnajua mtu anawaza nini kwa kumtazama tu? (Mwenye Wasiwasi)

Marahaba. Mikono iweke popote. Hatusomi mawazo, na shemeji yako akidai anayasoma, mdai ushahidi. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi ambazo watu walitakiwa kumtambua mwongo kwa kumwangalia na kumsikiliza. Kwa wastani walipatia asilimia 54. Ungerusha sarafu ungepatia 50. Hata wale ambao kuhoji watu ndiyo kazi yao hawakuwa na cha kujivunia mbele ya wengine. Mimi wanafunzi hunidanganya kila msimu wa kukabidhi kazi, tena wakinitazama usoni.

Mwalimu, binti yangu amepata nafasi ya kusoma saikolojia. Anataka kuwasaidia wenye msongo wa mawazo. Nimepitia orodha ya masomo naona takwimu mwaka wa kwanza, takwimu mwaka wa pili. Hesabu na machozi ya watu vinahusiana nini? (Mzazi)

Vinahusiana sana, mzazi mwenzangu. Mtu aliyekuwa halali wala hali vizuri amekwenda kwa mshauri, na baada ya miezi miwili amechangamka. Ni ushauri uliomsaidia? Huenda. Huenda pia muda umepita tu, maana watu wengi hupata nafuu hata bila kutibiwa. Huenda alikwenda kwa mshauri akiwa katika wiki yake mbaya kuliko zote, na baada ya hapo hali isingeweza ila kupanda. Ili kujua, unahitaji kundi jingine la watu wenye hali kama yake ambao hawakupata ushauri huo, na unahitaji kujua tofauti kati ya makundi mawili inapaswa kuwa kubwa kiasi gani ndipo uache kusema ni bahati. Hiyo ndiyo takwimu. Mganga asiyeijua ataamini kila dawa yake inafanya kazi.

Jambo jingine mjue mapema, yeye na wewe: shahada ya kwanza haimpi ruhusa ya kutibu. Atahitaji kuendelea na masomo na kufanya mazoezi chini ya msimamizi. Akitaka kuandika dawa, njia yake ni ya udaktari kwanza, kisha abobee katika magonjwa ya akili. Mimi niko upande wa tatu, sina mgonjwa hata mmoja. Taaluma yetu yenyewe haikuzaliwa kliniki. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kupima mtu anachukua muda gani kuitikia sauti au mwanga.

Nilijaza dodoso la mtafiti fulani. Swali la nne, la kumi na moja na la ishirini yalikuwa kitu kilekile, maneno tu yamegeuzwa. Mlidhani sitagundua? (Niligundua)

Tulitaraji ugundue, na wala hatukukutega ili tukuaibishe. Jambo kama wasiwasi halina mizani ya kulipimia. Swali moja linaweza kumpotosha mtu kwa sababu ambayo hatuijui: amelisoma haraka, neno moja limemkera, au siku hiyo ameamka vibaya. Tukiuliza kwa njia kadhaa, kosa la swali moja linamezwa na mengine. Baadhi ya maswali tunayageuza makusudi: moja linasema "Huwa na utulivu", jingine "Huwa na hofu bila sababu". Aliyeweka tiki kwenye "Nakubali kabisa" kuanzia juu hadi chini bila kusoma atakuwa amejikana mwenyewe, na karatasi yake tutaiweka kando.

Lakini nikuambie uchungu wetu uko wapi hasa. Mwanafunzi wa uzamili aliniletea dodoso lenye swali hili: "Je, katika siku za karibuni umekosa usingizi na hamu ya kula mara kwa mara?" Limesimama vizuri kabisa, lina heshima. Nikamwambia akae na watu wachache, mmoja mmoja, amsomee kila mmoja swali, kisha amwombe awaze kwa sauti kabla ya kujibu. Wa kwanza akasema: "Usingizi ndiyo, lakini kula nakula vizuri mno. Sasa niweke wapi?" Wa pili akauliza siku za karibuni ni wiki hii au tangu mwaka uanze. Wa tatu akajibu "Hapana" upesi. Alipodadisiwa ikaonekana huamka saa nane za usiku karibu kila siku, ila kwake hiyo si mara kwa mara, ni kawaida. Watu watatu wameanguka katika mashimo matatu tofauti ya sentensi moja. Swali likakatwa mawili, yakawekewa "wiki mbili zilizopita", na badala ya "mara kwa mara" tukaweka idadi ya siku. Bila hivyo angekusanya mamia ya majibu na kuyachambua kwa programu ya kisasa, na jedwali lake lingependeza bila kusema chochote.

Swali hufanya zaidi ya kupima. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa "yalipobamizana" walikisia wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walikisia 31.8. Filamu ni zilezile. Katika jaribio lililofuata, wiki moja baada ya kutazama, watu waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika, lakini waliosikia "yalipobamizana" walisema wameviona zaidi ya wenzao. Ndiyo maana mtafiti akikuuliza kwa lugha inayokusukuma upande mmoja, una haki ya kuacha kujibu. Unaweza kuacha hata katikati, bila kueleza sababu. Fomu ya ridhaa uliyosaini mwanzoni inapaswa kusema hivyo waziwazi. Kama haisemi, uliza utafiti huo ulipitishwa na kamati gani ya maadili.

Nimesoma mahali kwamba tafiti za saikolojia zikirudiwa hazitoi matokeo yaleyale. Sasa mnafundisha nini? (Mbishi)

Umesoma kweli. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wengi walioungana kurudia tafiti 100. Katika zile za mwanzo, asilimia 97 zilidai zimepata matokeo yenye maana kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu ndizo zilizoyapata tena. Waliolifichua hilo ni wanasaikolojia wenyewe, na kwangu hilo ni jambo la kujivunia, ingawa nina wenzangu ambao hadi leo hawapendi kulisikia.

Chukua lile jaribio maarufu la Walter Mischel: mtoto anawekewa kitu kitamu, anaambiwa akisubiri atapewa viwili. Ilisemekana waliosubiri walikuja kufanya vizuri zaidi shuleni miaka mingi baadaye, na wazazi kote duniani wakaanza kuwapima wanao mezani. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilipitia upya kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano ulikuwepo, lakini ukubwa wake ulikuwa kama nusu ya ule wa awali, na walipozingatia hali ya familia na makuzi ya mtoto ukapungua tena sana. Hili nalifundisha darasani lote, la Mischel na la Watts, na mtihani huulizia la pili.

Dokta, kipindi kimoja asubuhi, kingine jioni. Katikati mnafanya nini? Nauliza kwa nia njema. (Jirani wa Mhadhiri)

Nia njema nimeiona. Tunasoma rasimu za tasnifu, tunasahihisha, tunaandika maombi ya fedha za utafiti ambayo mengi hukataliwa, tunahakiki makala za watu wengine bila malipo, na zetu zinarudishwa na wahakiki wawili ambao hawakubaliani hata wao kwa wao.

Na kuna mlango. Mwanafunzi anabisha kuuliza kuhusu alama, anakaa, halafu hazungumzii alama. Namsikiliza. Lakini siwezi kuwa mshauri wake, maana mimi ndiye nitakayemsahihishia mtihani, na mtu hawezi kufungua moyo wake wote kwa anayeshika kalamu nyekundu. Ninachofanya ni kumpigia mshauri nasaha wa chuo yeye akiwa palepale. Akikubali, tunakwenda wote hadi mlangoni. Kumpa namba ya simu aende nayo hakutoshi.

Mwalimu, nasoma usiku kucha, daftari nalirudia hadi nalichoka, kwenye mtihani kichwa cheupe. Nina tatizo la kumbukumbu? (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

Sidhani, mwanangu. Una tatizo la namna ya kusoma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini wasome. Baadhi wakaisoma tena, wengine wakafunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao 42, wenzao 56. Kurudia daftari hukupa hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo inayokudanganya saa sita za usiku. Leo soma ukurasa mmoja, funga daftari, andika yote unayoyakumbuka, kisha fungua uone ulichoacha. Kesho kutwa andika tena kabla ya kufungua. Utajiona mjinga siku za mwanzo. Endelea, na usiku ulale.