Kubadilisha kontrolamu za nyuma nyumbani, kwa sisi wa mji wa chumvi

Kama gari lako linalala Mombasa, kubadilisha kontrolamu za nyuma, yaani mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na fremu ya gari, ni kazi ya kutu kwanza, spana baadaye. Mkono wenyewe hauna makuu: chuma, bushi mbili za raba kwenye ncha zake, boliti mbili. Lakini hewa yetu ina chumvi, na ukiwa mtu wa kuvuka Likoni kila siku, tairi zako hupita kwenye rampu ya feri iliyolowa maji ya bahari, zikayarusha kule kule boliti zilipo. Nati huwa si tatizo kubwa. Boliti hugandia ndani ya lile bomba la chuma lililo katikati ya bushi, na hapo ndipo Jumamosi ya mtu huishia.

Kwanza uwe na hakika kwamba ugonjwa ni huo. Tairi la nyuma linaliwa upande wa ndani. Ukipita tuta polepole unasikia kodo, kodo, huko nyuma. Ukiwa juu ya daraja la Nyali na kusi inavuma, mkia wa gari unajiamulia njia yake. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kuuziwa shoki, na shoki haina kosa. Shoki iliyokufa mara nyingi utaiona imelowa mafuta. Ikiwa kavu, chukua mtaimbo, upenyeze kati ya mkono na fremu, usukume kidogo huku ukimulika kwa tochi. Bushi iliyopasuka itafunguka kama mdomo, na mkono utacheza mbele ya macho yako.

Nunua mkono mzima wenye bushi zake. Najua bushi peke yake ni nafuu, lakini kuisukuma ndani kunataka mashine ya kushindilia, na mitaani kwetu mashine hiyo mara nyingi ni nyundo. Bushi iliyopigwa nyundo huingia upande upande, ikaanza kuchanika kabla hata hujaiendesha. Mikono ya mtumba kutoka Japani nayo siitaki: chuma chake kizuri, raba yake ina umri sawa na gari. Nunua pia boliti na nati mpya za gari lako siku hiyo hiyo, maana za zamani huenda ukazikata. Usiokoteze boliti yoyote ya hadwea inayolingana unene. Boliti za sehemu hii zina daraja la ugumu, mathalani 8.8 au 10.9, na boliti laini ikikatika njiani hakuna wa kumlaumu.

Jioni kadhaa kabla ya kazi, pulizia boliti zote mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi ya kazi, kabla jeki haijagusa gari, chukua futi ya fundi cherehani na upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Andika kipimo hicho mahali. Utakihitaji mwishoni, na ndicho kitakachoamua mikono yako mipya itaishi muda gani.

Weka vigingi kwenye tairi za mbele, mbele na nyuma yake. Watu huvuta hendibreki wakaridhika, wakasahau kwamba hendibreki hushika magurudumu ya nyuma, na hayo sasa yako hewani. Simamisha gari juu ya stendi za chuma, chini yake pakiwa na ubao mpana kama uwanja wako ni mchanga au kabro. Tofali la simenti halifai hata kidogo. Hupasuka bila kukuonya. Na jeki peke yake si ya kulalia chini yake, hata kwa dakika moja ya kuokota soketi iliyoanguka.

Sasa boliti. Nati ikifunguka lakini boliti ikawa inazunguka pamoja na bomba la ndani ya bushi, ujue imegandia. Hapo kila jirani atakuja na shauri lake, na shauri la kwanza litakuwa moto. Kataa. Tangi la petroli kwa kawaida liko hapo hapo karibu, pamoja na mabomba yake, na raba ya bushi yenyewe ikishika moto hutoa moshi mchafu. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi cheche za grainda huko chini. Msumeno wa chuma wenye ubapa mwembamba, ukipitishwa kati ya bushi na kishikio chake, utakutoa jasho lakini utafika.

Badilisha mkono mmoja kwa wakati, upande mmoja kwa wakati, jeki ya pili ikiwa imeshikilia gurudumu kwa chini, la sivyo kila kitu kitahama na matundu hayatakutana tena. Na kama kwenye gari lako springi imekaa juu ya mkono huo, mpelekee fundi mwenye vifaa. Springi iliyobanwa ni hatari nyingine kabisa.

Kama mkono wako ni wa kurefushwa na kufupishwa, uweke karibu na wa zamani sakafuni na usawazishe urefu, tundu hadi tundu, kabla ya kuufunga. RAV4 ya kizazi cha tatu, ambayo ndiyo ninayoendesha, ni ya aina hii. Mwaka 2012 Toyota iliyaita gereji magari zaidi ya laki saba nchini Marekani, karibu yote RAV4 za 2006 hadi 2011, kwa ajili ya mkono huu hasa: nati zake za kufungia zisipokazwa sawasawa baada ya alainimenti (kunyoosha magurudumu kwa mashine), hulegea, kutu huingia kwenye meno, na mwishowe mkono unaweza kuachana. Kwa chumvi yetu, nati hizo ndizo ninazozikagua kila nikiingia chini ya gari. Magari mengine, badala ya kurefusha mkono, hurekebishwa kwa boliti yenye kichwa cha duara kisicho katikati. Chora alama ya mahali ilipo kabla ya kuigusa.

Unapopachika boliti mpya, paka grisi ya shaba kidogo sana kwenye mwili wake, si kwenye meno, maana meno yenye grisi hukaza kupita kipimo. Isiguse raba.

Kisha usikaze. Mpwa wangu alikuwa tayari na spana mkononi: "Mjomba, si tumalize tu?" Nikamwambia ainue jeki kwanza. Bushi ya raba haizunguki, hujipinda. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, umeifunga katika hali ya kuning'inia, na ukishusha gari inakaa imejinyonga muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana utasikia watu wakilalamika kwamba bushi za siku hizi ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini nyingi zilikazwa hewani. Inua jeki iliyo chini ya gurudumu, taratibu, stendi zikiwa bado mahali pake, hadi futi isome kipimo kile cha asubuhi. Hapo ndipo ukaze, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Alainimenti ni lazima, siku hiyo hiyo au kesho yake. Mkono mpya hata ukilingana kwa macho haulingani kwa digrii. Mwenye mashine akimaliza, mwombe akuonyeshe nati za nyuma alizozigusa, uhakikishe kwa spana yako. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho karibu nayo. Baada ya wiki moja ya matuta, lala chini na tochi: mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka, kaza tena na urudi kwenye mashine.