Kuzunguka Ulaya kwa treni kwa hela ya mwanafunzi

Juzi kijana mmoja wa Arusha ameniandikia: "Dada, shikamoo. Nimepata nafasi ya kusoma Ujerumani, naanza Oktoba. Naona picha zako za Prague na Venice. Hivi treni za huko si za matajiri?" Marahaba, mdogo wangu. Siku ile nilimjibu kwa kifupi, lakini swali hili naulizwa kila nikiweka picha, na nyuma yake huwa kuna jingine ambalo watu wanaona haya kulitamka: hela unatoa wapi? Leo nayajibu yote mawili.

Nasomea uuguzi hapa Leipzig, Ujerumani, darasani wiki hizi, wodini wiki zile, na nalipwa posho ya mwanafunzi. Nikishalipa kodi ya chumba na kutuma nyumbani, kinachobaki nakitenga kidogo kidogo. Ndicho kilichonipeleka Dresden, Prague, Vienna, Venice, Verona, Innsbruck na kunirudisha salama. Hakuna aliyenilipia. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kwenye kundi la familia shangazi yangu aliandika, "Wenzako wanajenga, wewe unazurura," na wengine wakaweka vicheko. Hela ya mwezi ule nilikuwa nimeshaituma kabla sijakata hata tiketi moja. Mpaka leo hakuna aliyefuta vile vicheko.

Turudi kwenye treni. Gharama inaamuliwa na njia utakayopita, kabla hata hujafungua ukurasa wa tiketi. Wengi wanataka kuanza na Paris, Barcelona na Roma, na huko ndiko treni za kasi zinakolazimisha kuweka nafasi ya kiti na kuilipia, hata kama una pasi ya treni mkononi, yaani tiketi moja ya kupanda treni nyingi kwa siku ulizolipia. Ujerumani, Austria, Uswisi na Uholanzi, treni nyingi hazina sharti hilo. Ndiyo maana mimi nilielekea mashariki kisha kusini, na nilisafiri Septemba, shule zimeshafunguliwa na watalii wamepungua.

Kuhusu pasi, watu huchanganya sana. Ziko mbili: Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, Eurail ni ya wanaotoka nje. Kinachotazamwa ni unakoishi, kwa hiyo Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani ananunua Interrail, na mzazi wake anayekuja kumtembelea kutoka Moshi ananunua Eurail. Zote zinatumika katika nchi 33, na mwenye miaka 27 au chini analipa pungufu. Ila Interrail, ndani ya nchi unakoishi, inakupa safari ya kutoka na ya kurudi tu. Kwa mizunguko mirefu pasi inalipa. Kwa njia kama yangu, tiketi mojamoja zilizokatwa miezi kabla zilikuwa za bei nafuu zaidi, na nilipiga hesabu zote mbili kwenye daftari kabla ya kuamua.

Leipzig hadi Dresden sikulipa kitu cha ziada, maana nina Deutschlandticket, tiketi ya mwezi inayokupandisha treni za mikoa na mabasi nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Bado ni nafuu kuliko kitu kingine chochote ninachokijua Ujerumani. Treni za kasi za ICE haikupandishi.

Dresden kwenda Prague, kaa upande wa kushoto. Reli inafuata mto Elbe, na ng'ambo unaona majabali ya mawe yamesimama wima juu ya miti, nyumba zimebanana chini yake, na mashua zinapita taratibu. Kwenye behewa la chakula la Wacheki wanapika humo humo, na bei yake ukilinganisha na ya treni za Kijerumani utashukuru. Prague kwenda Vienna nilipanda RegioJet, kampuni binafsi ya bei ya chini.

Vienna kwenda Venice nililala njiani, kwenye Nightjet, treni ya usiku ya shirika la reli la Austria. Waliowahi kupanda treni ya TRC kwenda Kigoma wataelewa nikisema kuna daraja la pili kukaa na daraja la pili kulala. Lipia kulala. Ongezeko lake ni dogo kuliko kitanda cha hosteli, na unaamka umeshafika. Na kama una pasi: treni iliyoondoka kabla ya saa sita usiku, mradi hubadilishi treni baada ya hapo, inakula siku moja tu ya pasi yako.

Venice, usilale kisiwani. Lala Mestre, upande wa bara, dakika kama kumi kwa treni. Na kule Italia tiketi ya karatasi ya treni za mikoa igonge muhuri kwenye mashine kabla hujapanda, la sivyo utapigwa faini.

Verona hadi Innsbruck ndiyo sehemu ninayoiota. Reli hii ya Brenner, inayovuka milima ya Alps, ni ya mwaka 1867, inapanda hadi mita 1,371 juu ya usawa wa bahari. Unaanza na mizabibu na matofaa yamejaa mpaka kando ya reli, halafu hewa inabadilika, watu wanavaa makoti.

Treni ilipoingia Ujerumani, askari wawili walipita behewa zima, wakasimama kwangu peke yangu. Pasipoti, kibali, tiketi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Nikawapa vyote, vikasomwa mbele ya macho ya watu wote. Iliniuma, na inaniuma nikiandika. Kwa hiyo beba pasipoti na kibali chenyewe. Picha kwenye simu haitoshi. Kibali cha Ujerumani kinakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, siku 90 ndani ya kila siku 180. Ni haki yako. Usiache mtu akufanye ujione mgeni mwizi kwenye treni uliyoilipia, na usiache ndugu akwambie dunia si yako mpaka umalize kujenga. Miaka mitano unafanya zamu za usiku Ulaya, unachokijua ni hospitali, chumba chako na duka la vyakula? Tuma nyumbani, jenga, lakini tenga na lako.

Kama bado unaogopa, anza na Luxembourg. Tangu Machi 2020 usafiri wa umma huko ni bure, na treni daraja la pili ni bure pia. Ukiwa na Deutschlandticket nenda Trier, mji wa Ujerumani ulio karibu na mpaka, panda treni ya mkoa ya kuvuka mpaka, utafika Luxembourg bila kuongeza hata senti. Funga chapati zako na mayai ya kuchemsha, ondoka asubuhi, jioni urudi kulala Trier.