Mteja wangu anakwenda angani: je, afiche vijiwe vya figo?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa mazoezi hapa Dubai. Mteja wangu, miaka 52, anajiandaa kwenda kituo cha anga kwa Soyuz, chombo cha anga cha Warusi, kama abiria wa kujilipia. Kilomita 10 anakimbia bila taabu. Kuna mtu anamuuzia kozi ya kiti cha kuzunguka, eti akiimaliza hatatapika angani. Huyohuyo kamwambia asiwatajie madaktari vijiwe vya figo vilivyomsumbua zamani. Nimwongezee mazoezi gani?

JIBU: Ndugu yangu, mazoezi ya mbio yanatosha, kilichobaki ni kupumua. Wakati wa kurudi, abiria hulala chali akakandamizwa kifuani na uzito kama mara 4 ya wake. Hapo anahitaji kujua kupumua kwa tumbo huku kifua amekikaza, na mbio hazifundishi hilo.

Kiti hicho cha kuzunguka kipo hata Star City, kituo cha mafunzo ya wanaanga huko Urusi: unazungushwa macho yamefungwa, unainamisha kichwa huku na huku mpaka jasho jembamba likutoke. Lakini wapo wanaokimudu, kisha wakatapika siku ya kwanza angani. Wanaanga wengi hupatwa, na hali hutulia baada ya siku mbili tatu. Anayeuza kinga ya uhakika anauza maneno.

Linalonikera ni hilo la kuficha. Angani mifupa hupoteza kalsiamu, nayo hutokea kwenye mkojo. Mtu akinywa maji kidogo, mazingira ya kujenga kijiwe yametimia. Kikianza kushuka huko juu, hakuna chumba cha upasuaji. Mwaka 2004 Gregory Olsen, abiria wa kujilipia kama mteja wako, alisimamishwa mafunzo kwa doa lililoonekana kwenye picha ya pafu. Alirudi baadaye, akapimwa upya, na Oktoba 2005 akaruka. Daisuke Enomoto, abiria mwingine wa kujilipia, naye alikwisha kufanya mafunzo, akaondolewa 2006 kwa sababu za kiafya zikiwa zimebaki wiki chache tu. Nafasi yake chomboni akapewa Anousheh Ansari.

Na si wa angani peke yao. Wanafunzi wa urubani wanakuja wamemeza dawa ya presha alfajiri ili kipimo kisome vizuri, wapiga mbizi wanakana pumu, na wa kuwauzia ujanja hakosekani. Wanadhani daktari ni askari wa barabarani! Kifafa kilichofichwa hakingoji ndege itue.

Mteja wako apige picha ya CT ya figo sasa hivi, apimwe kalsiamu kwenye mkojo wa saa 24, kisha apeleke majibu pamoja na faili lake la zamani kwa madaktari wa safari kabla hajalipa awamu nyingine.