Kabla hujapanga pevingi, jua maji ya mvua yatapita wapi

Masika ya kwanza baada ya kuhamia Kinyerezi, Dar es Salaam, mwanangu aliniamsha saa kumi alfajiri akisema viatu vyake vinaelea. Nikashusha miguu kitandani, nikakanyaga maji. Yalikuwa mekundu, mazito kwa udongo, yanaingia kwa mlango wa jikoni na kutokea sebuleni. Nyumba ilikuwa imekaa katikati ya njia yao.

Kiwanja nilikinunua kiangazi. Palikuwa na kibonde kidogo kimekatiza kutoka juu kwenda chini, nikadhani ni njia ya miguu, nikamwambia fundi akijaze kifusi. Mama aliyekuwa akilima mchicha jirani alijua kila kitu kuhusu kibonde kile, ila mimi sikumuuliza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla ya kulipia kiwanja, nenda kakione mvua ikinyesha. Vaa buti, simama hata nusu saa. Kama ni kiangazi, waulize wenyeji maji hupita wapi, na utazame kuta za nyumba za jirani. Mstari wa tope ukutani haudanganyi.

Watu wengi hawajui wingi wa maji yanayotoka kwenye paa lao wenyewe. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 40, ambayo Dar es Salaam si jambo la ajabu, linamwaga lita 6,000. Bila gata, maji yote hayo yanaanguka pembeni mwa msingi na kuuchimba mwaka hadi mwaka. Weka gata, na bomba la kushushia maji liyapeleke kwenye tangi. Tangi nalo liwe na bomba la kutolea ziada hadi mferejini, maana kwa mvua kubwa litajaa mapema na maji yatarudi palepale msingini.

Kilichoiokoa nyumba yangu ni mfereji wa kukinga. Tuliuchimba upande wa juu wa kiwanja, mita tatu kutoka ukutani, ukayapokea maji kabla hayajafika na kuyazungusha ubavuni. Fundi wa kwanza aliupima kwa macho, na maji yakatuama katikati. Wa pili alikuja na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, mimi nikashika ncha moja na yeye nyingine. Maji ya pande zote mbili hukaa usawa mmoja, hivyo unaona wazi ardhi imeshuka kiasi gani. Akaweka mteremko wa sentimita moja kwa kila mita. Mfereji wa mita 20 ukawa umeshuka sentimita 20 kutoka mwanzo hadi mwisho, na tangu hapo haujatuama.

Pevingi zinapendeza, nami ninazo, lakini ardhi iliyokuwa inanywa maji ukishaiziba, maji yale yatakwenda kwa mtu. Mimi yalikwenda kwa jirani yangu wa chini. Alikuja asubuhi, bila kelele, akanishika mkono akanipeleka kuona ukuta wake ulioinama. Tulikaa mbele ya mjumbe, tukakubaliana mfereji wa pamoja mpakani, gharama nusu kwa nusu, tukaandika. Ningefanya hivyo kabla, ukuta wake ungebaki wima. Na maji yetu ya Kinyerezi hayaishii kwa jirani. Yanashuka mabondeni hadi Mto Msimbazi, na Msimbazi unapita Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sisi wa juu tuna sehemu yetu katika hilo.

Ukipata nafasi, acha kipande cha bustani bila kuzibwa, au chimba shimo la kufyonza maji lililojazwa mawe, angalau mita tano kutoka kwenye msingi. Lakini lijaribu kwanza: chimba shimo dogo, lijaze maji, yakishanywewa ujaze tena, kisha uangalie asubuhi. Kwenye kichanga utakuta pakavu. Kwenye mfinyanzi maji yatakuwa bado yanakutazama, na hapo shimo halitakusaidia, tafuta njia ya kuyatoa. Usiyaelekeze kamwe kwenye shimo la choo. Litafurika, na kinyesi kitaingia uani kwa watoto. Wale wanaosubiri mvua ili kutapisha vyoo, kinyesi kichukuliwe na maji, wanawaletea wenzao kipindupindu. Nalisema hivyo kwa sababu nimeona watoto wakicheza kwenye maji hayo.

Kwenye fremu za biashara tatizo mara nyingi ni karavati la kuingilia, yaani bomba la kupitisha maji ya mtaro chini ya njia ya magari. Mtaani kwetu mwenye fremu nne alilaza bomba la inchi sita chini ya maegesho, akalifunika kwa zege. Masika yalipofika wapangaji walipanga viroba vya mchanga milangoni, na bado unga ukalowa. Lilipovunjwa tulitoa humo chupa za maji, ndala moja na kiroba kizima cha takataka. Sasa pana mtaro wa wazi wenye mifuniko ya nondo inayonyanyuka kwa mkono, na sakafu za fremu zimeinuliwa tofali moja juu ya maegesho. Mtaro usioweza kuufungua hutausafisha.

Jumamosi ya mwisho ya Februari mimi na jirani wa chini tunazoa mchanga kwenye mfereji wa mpakani, kabla masika hayajaanza Machi. Yeye anaanzia chini, mimi juu. Mwaka huu tulitoa ndoo 14, na mchanga wenyewe ameutumia kupiga lipu ukuta wake mpya.